Waya Ulioishia Udongoni

Bwana Kilimo alikuwa mtu mzima, mwenye shahada na wajukuu, lakini asubuhi niliyokwenda kung'oa kompyuta yake mezani aliikumbatia. Simaanishi aliishika. Aliikumbatia, shavu likagusa kioo.

"Perpetua," akaniambia, "humu ndani mna kazi zangu zote. Ukiichukua utaniachia nini?"

Nikamwonyesha kiboksi cheusi, kidogo kama pakiti ya biskuti. Akakitazama, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Ndivyo tulivyoanza, wanangu. Nyinyi mnaoingia kazini leo mnaona ni jambo la kawaida kazi yako kukaa mahali usipopajua, ukaifungua popote. Sisi ilitushtua. Nilikaa serikali za mitaa hapa Morogoro mpaka nikastaafu, na nikiulizwa kazi ya kompyuta ilikuwaje, neno la kwanza linalonijia ni mshtuko. Nilishtuka siku ya kwanza, nikashtuka katikati, na mshtuko mkubwa kuliko yote, ambao ndio hasa ninaotaka kuwasimulia, haukutoka hata kwenye kompyuta.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Viwanda vya hapa mjini vilikuwa vimeuzwa au vimefungwa, magari ya miradi yamejaa barabarani, na kila mradi ulikuja na kompyuta zake. Idara ya Afya ilikuwa na seva yake, Elimu yake, Maji yake. Seva, kwa asiyejua, ni kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine. Zetu zilikaa chini ya meza zikipigwa mateke, na ile ya Maji ilikuwa imewekewa chungu cha maua juu. Hazikujuana. Mtoto akizaliwa kwenye kituo cha afya, Elimu ilimfahamu siku alipoletwa kuandikishwa darasa la kwanza, tena kwa jina lililoandikwa vingine.

Halmashauri yetu ikaamua kuzikusanya zote ziingie ndani ya mashine mbili kubwa, chumba kimoja chenye kiyoyozi, na kila mfanyakazi apewe kompyuta pepe. Yaani mezani unabaki na kioo, kibodi na kile kiboksi tu. Kompyuta yako yenyewe inaishi ndani ya seva, wewe unaichungulia kwa mbali. Ukihamia meza nyingine ukaandika jina lako na neno la siri, inakufuata na picha zako na barua zako zote.

Kulieleza hili ni rahisi. Kulielewa ni shughuli. Bwana Kilimo, baada ya kubembelezwa wiki nzima, alikikubali kiboksi. Ijumaa akakichomoa, akakitia kwenye mkoba, akaenda nacho kwake Kilakala ili amalizie ripoti. Jumamosi simu ikalia.

"Perpetua! Nimekichomeka kwenye televisheni, hakina kitu! Mmefuta!"

Kulikuwa na mama wa Maendeleo ya Jamii naye. Alikalia kiti cha mwenzake, akaandika jina lake kama nilivyomfundisha, mara picha ya mjukuu wake ikajaa kioo kizima. Akapiga ukelele watu wakatoka ofisini. "Huyu mtoto amefikaje huku? Nani ananifuatilia?" Ilibidi nimtembeze meza hadi meza, mjukuu akitokea kila mahali, mpaka akaanza kucheka mwenyewe.

Na siku moja nilifungua chumba cha seva nikakuta stroberi. Ndoo nzima ya stroberi imekaa juu ya mashine, na pembeni kabichi na karoti za Mgeta zimepangwa vizuri kama gengeni. Zilikuwa za Mama Bite, mhudumu wetu, mtu wa milimani, ambaye ndugu zake walimshushia mboga auze baada ya kazi. Nilipomwita alikuja bila wasiwasi.

"Mwanangu, mji huu una joto. Chumba hiki ndicho peke yake kinachofanana na kwetu."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikamweleza kwamba mboga inapumua, inatoa maji, na maji na seva hawapikiki chungu kimoja. Aliziondoa. Lakini kila akipita kusafisha alisimama kidogo mbele ya kiyoyozi, amefumba macho, na mimi nikajifanya sioni.

Ila sasa niwaambie habari za Mzee Nassoro.

Kabla sijashika kompyuta nilikuwa fundi umeme. Nilianza kiwandani, msichana peke yangu kati ya wanaume, na aliyenipokea ni Mzee Nassoro. Alikuwa mtu mwembamba, mtulivu, shati limechomekewa hata akiwa juu ya ngazi. Ndiye aliyenifundisha kazi. Kitu alichokishikilia kuliko vyote ni ethi, ule waya unaotoka kwenye mashine ukaingia ardhini, ili umeme ukipotea njia ukazikwe chini badala ya kupita kwenye mwili wa mtu. Siku moja niliwasha mota bila kuukagua. Hakunifokea. Alizima mwenyewe, akaniambia nivue glovu, nikae chini, nisiguse kitu mpaka jioni. Wanaume walinicheka siku nzima. Wakati wa kutoka akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mashine nzuri, rangi nzuri, kila kitu kizuri," alisema. "Kama ethi haipo, umemtegea mwenzio mtego. Tena hutakuwepo atakaponasa."

Sikuwahi kurudia kosa lile. Nilimwogopa, nikampenda kama baba.

Kiwanda kilipouzwa, mwenye mali mpya alipunguza watu, na Mzee Nassoro akawa miongoni mwao. Alifungua karakana yake Kihonda, akajifunza minara ya mawasiliano ukubwani, akawa mkandarasi. Kwa hiyo halmashauri ilipotangaza kazi ya kusimamisha mnara juu ya jengo letu, ili ofisi za kata kule milimani nazo zifikie seva kwa mawimbi, na kampuni yake ikashinda, nilifurahi mno. Wakati wa kazi ile mimi nilikuwa Dar es Salaam, nimepelekwa kujifunza hizo seva mpya. Niliporudi nilikuta mnara umesimama, utepe wa shaba umeshuka ukutani umenyooka kama uzi, umeingia ardhini, na juu yake sakafu ndogo ya saruji imesawazishwa kwa mwiko. Kamati ya kupokea kazi ilikuwa imesharidhia, na wageni wameshakuja kuzindua. Nilisimama pale nikaona fahari. Nikasema, hiyo ndiyo mikono ya mwalimu wangu.

Radi ilitupiga wakati wa masika, baada ya chakula cha mchana.

Mnaijua mvua ya Uluguru. Haiji kwa kubisha hodi. Wingu lilikuwa limeshaivaa milima yote, halafu likateremka hadi mjini, ofisi zikaingia giza. Mimi nilikuwa kwenye korido naelekea masjala, ambako alikaa Salome. Salome alikuwa karani, binti wa watu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia yao. Ndiye aliyeipenda kompyuta pepe kuliko wote, kwa sababu alikuwa na meza mbili, moja ya kupokelea wananchi na nyingine ya faili, na kazi yake ilimfuata kotekote. Nilimwona kupitia mlangoni. Alikuwa ameshika simu ya mezani sikioni, mkono mwingine umelala kwenye kiboksi.

Sikusikia ngurumo. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Niliona weupe tu, weupe usio na kivuli, na viboksi vyote vya ofisi za korido ile vikatoa mlio mmoja mfupi kama mtu aliyekanyagwa. Halafu kimya. Halafu harufu ya plastiki iliyoungua.

Salome alikuwa sakafuni, mbali na kiti chake. Macho yako wazi.

Mama Bite alifika kabla yangu. Alimgeuza, akaweka sikio kifuani, akanitazama kwa uso ambao sijauona tena. "Moyo hauendi."

Kiwandani tulifundishwa kumkandamiza kifua aliyepigwa na umeme, na kila mwaka nilidhani tunapoteza muda. Nilipiga magoti nikakandamiza. Nilihesabu kwa sauti, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Mtu alikuwa analia nyuma yangu, na baadaye niliambiwa alikuwa Bwana Kilimo. Sijui ilichukua muda gani. Ninachojua ni kwamba Salome alikohoa, akavuta pumzi yenye sauti mbaya sana, na mimi nikakaa chini kwenye maji ya mvua yaliyokuwa yanaingia mlangoni.

Wakampeleka hospitali.

Jengo lote lilikuwa limekufa. Na hapa niseme jambo ambalo wauzaji wa mitambo hawatawaambia. Zamani, kila mtu alipokuwa na kompyuta yake, radi ingeua moja au mbili, wengine wakaendelea. Sasa halmashauri nzima ilikata pumzi kwa mpigo. Seva zote mbili ziliungua. Cheti cha kuzaliwa, leseni ya duka, orodha ya dawa, vyote vimezimika. Data tulizirudisha, kwa sababu kila Ijumaa nilitoa nakala kwenye diski nikaihifadhi jengo jingine kabisa, upande wa Mazimbu, na watu walikuwa wakinitania kwamba napeleka diski matembezi. Ukiweka vitu vingi mahali pamoja, nakala yake iende mbali. Sitalisema mara mbili.

Lakini siku ile sikuwa nikifikiria data. Nilikuwa nawaza kitu kimoja: mnara una utepe wa shaba mnene, radi ilipaswa kushuka nao izikwe. Iliingiaje ndani?

Kesho yake asubuhi nilikwenda nyuma ya jengo. Ile sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka vipande viwili. Nikainua kipande kimoja. Nikaushika utepe kwa mikono miwili, nikajiandaa kuvuta kwa nguvu, maana chini palitakiwa kuwe na vyuma virefu vya shaba vilivyopigiliwa ndani kabisa na kuunganishwa nao.

Ulitoka. Nilivuta kama mtu anayeng'oa muhogo, nikaanguka chali. Urefu wa mkono wangu tu, kisha mwisho. Ulikuwa umekatwa vizuri kwa msumeno, ukakunjwa kidogo, ukafukiwa.

Nilikaa pale kwenye tope na utepe mapajani. Nilikuwa nimemwona mwenzangu hana mapigo ya moyo jana yake, na bado nawaambia, mshtuko wa pale ulikuwa mkubwa zaidi. Radi haikunifundisha kitu nikiwa msichana. Radi haikuchuchumaa mbele yangu.

Nikaukata ule mwisho, nikautia kwenye kikapu, nikaenda Kihonda.

Mzee Nassoro alikuwa karakanani, anachomelea geti. Aliponiona alizima, akavua miwani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Perpetua. Nimesikia radi imewapiga. Poleni sana. Yule binti anaendeleaje?"

Nikatoa kile kipande, nikakiweka juu ya meza yake. Alikitazama. Hakuuliza ni nini. Akavuta kigoda akakaa, na nikaona kwamba amezeeka.

"Vyuma viko wapi?" nikauliza.

Akaonyesha kwa kidevu. Vilikuwa kwenye kona, vimesimama ukutani nyuma ya mabati, vipya, vinang'aa. Nilidhani ameviuza. Afadhali angekuwa ameviuza, ningejua namna ya kumchukia.

"Pale ni mwamba," alisema. "Kiangazi kile nilivunja mtaimbo. Mkurugenzi wenu akaja akaniambia wageni wanazindua wiki hiyo hiyo, nikabidhi. Nikasema nitafukia hivi, mvua ikilainisha nirudi."

"Ukarudi?"

"Nilipita. Nilipita pale mara nyingi, Perpetua. Kila nikipita naona taa zinawaka, watu wanafanya kazi. Masika moja ikaisha, hakuna kitu. Nikaona kama ardhi imenisamehe."

"Salome ana miaka ishirini na kitu. Moyo wake ulisimama. Niliukandamiza kwa mikono hii."

Aliinamisha kichwa. Nilingoja aseme neno, na sikuwa na uhakika ningefanya nini akilisema. Nikamwachia shaba yake mezani, nikaondoka bila kuaga. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuondoka mbele ya mkubwa bila kuaga.

Mchana ule mkurugenzi aliniita. Alikuwa na wakuu wa idara. Nikasimulia nilichokiona nyuma ya jengo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, kwa upole kabisa, "Mama, radi ni kazi ya Mungu. Andika hivyo. Tukianza kufukua, mimi na kamati yangu tutafukuliwa pia." Wakuu wa idara walitazama meza. Nikasema sitaandika. Akasema basi atapata mwingine wa kuandika.

Nililala na hasira. Asubuhi nilipofika kazini nilikuta watu wamejaa nyuma ya jengo.

Mzee Nassoro alikuwa anachimba. Amekuja na vyuma vyake, mtaimbo na nyundo kubwa, shati limechomekewa kama siku zote. Mwananchi mmoja aliyekuja kufuata leseni akamuuliza, "Mzee, mbona unachimba na mvua hii?"

"Nafanya kazi niliyosema nimeifanya," akajibu.

Akaja mwingine akauliza, akajibu vilevile. Hakupunguza neno wala kuongeza. Mkurugenzi akashuka na mwavuli, akamshika bega, akamwomba aingie ofisini wazungumze kiutu uzima. Mzee akasimamisha nyundo. "Bwana mkurugenzi, nikiingia ndani tutaelewana mimi na wewe. Wacha nibaki hapa." Akaendelea kugonga. Hakuna aliyemsaidia. Hata mimi sikumsaidia. Nilisimama dirishani nikasikia nyundo inavyolia kwenye mwamba hadi alasiri.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kuandika kazi ya Mungu. Uchunguzi ulifanyika. Mkurugenzi alihamishwa, kamati ikapewa onyo, na kampuni ya Mzee Nassoro ikazuiwa kupata kazi yoyote ya serikali. Alibakia na kazi ndogondogo, kanisa hapa, msikiti pale, zahanati za misheni huko milimani. Na kila alipomaliza alinitumia ujumbe: njoo ukague. Nikifika namkuta amekaa pembeni, shimo ameliacha wazi, vyuma vinaonekana hadi kwenye kiungo cha mwisho. Nilishuka shimoni, nikagusa kila kiungo, nikaweka kipimo, nikamsomea. Ndipo alipofukia. Hatukuwa tukizungumza mengi. Nendeni nanyi mkafanye hivyo, hata kwa mtu aliyewafundisha. Tena hasa kwa aliyewafundisha, maana yeye ndiye mnayeona aibu kumkagua.

Nimebakiza la Salome, nililolishuhudia wodini wiki ile ile ya radi.

Alikuwa ameketi kitandani, kiganja kimefungwa bandeji. Sikio la kushoto, lile lililokuwa kwenye simu, lilikuwa limekufa kabisa. Mama yake alikuwa anammenyea chungwa. Mzee Nassoro akaingia, kofia mkononi, udongo bado kwenye kucha, akasimama upande wa kushoto wa kitanda. Akasema kila kitu. Alianza na mwamba, akaja kwenye vyuma vilivyobaki karakanani, akasema alivyokuwa akipita na kuona taa. Sauti ilimkatika mara mbili. Mama yake Salome aliacha chungwa. Mimi nilitazama sakafu, maana sikuweza kumtazama mwalimu wangu akilia.

Salome alikuwa amemkazia macho muda wote, uso hausemi kitu. Mzee alipomaliza, akasema kwa sauti kubwa mno, kama wanavyosema watu wasioisikia vizuri sauti yao wenyewe:

"Mzee, umeongea na sikio bovu. Zunguka huku, uanze upya."

Mama yake akashika mdomo. Muuguzi aliyekuwa kitanda cha jirani akageuka. Mzee Nassoro alisimama kidogo, kofia inazunguka vidoleni, nami nilidhani ataondoka, kwa sababu kusema maneno yale mara moja kulishampasua.

Akazunguka kitanda. Salome akamsogezea kiti, akageuza kichwa, akamtegea sikio zima.

"Jina langu ni Nassoro," akaanza. "Ndimi niliyefanya kazi ya mnara wenu."